Hamsini na Saba

Jarmo aliniambia ile skrini haina kasoro hata moja. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu aliyasema akiwa ameikumbatia kifuani, theluji imejaa kwenye kofia, amesimama mlangoni kwangu siku nilipotimiza miaka arobaini.

"Chukua, Tuire. Picha mia na arobaini na nne kwa sekunde. Mimi nimenunua mpya."

Nililia kidogo, sikatai. Tulikuwa tumecheza gemu pamoja miaka kumi na mmoja, na skrini niliyokuwa nayo ilikuwa na umri mkubwa kuliko paka wangu.

Skrini za aina hii zina adabu yake. Kompyuta ikichelewa kuchora picha, skrini inasubiri. Ikiwahi, nayo inawahi, na picha haikatiki vipande. Lakini yangu, gemu ikizidiwa kidogo tu, ilipepesa mpaka macho yakaniuma. Nikampigia Jarmo simu.

"Si skrini hiyo, ni huo mfumo wako wa kompyuta, Linux," alisema huku akicheka. "Si wewe unayejifanya fundi? Tengeneza basi!"

Nikatengeneza. Miezi minane mizima. Nilibadilisha waya mara tatu, nikafuta kila kitu kwenye kompyuta na kuanza upya mara mbili, mpaka nikagundua kwamba inapepesa pale picha zinaposhuka chini ya hamsini na saba kwa sekunde. Nikaandika mistari mia mbili ndani ya programu inayopanga madirisha kwenye skrini: zikishuka chini ya hapo, kila picha ionyeshwe mara mbili, ili skrini isipate nafasi ya kupepesa. Ile hamsini na saba niliiweka kwa muda tu, kwa ajili ya skrini yangu. Nilikusudia baadaye kompyuta iwe inaiuliza kila skrini kikomo chake, ndipo niwatumie wenzangu. Jarmo alikuja Jumapili, akala viazi na samaki wangu, akaomba nakala akajaribu nyumbani. Nikampa. Ningemnyimaje?

Kwetu sisi watu wa programu huria, zile zinazotolewa bure kwa yeyote, kazi hii hailipwi. Malipo ni jina. Linakaa juu ya kazi yako, na kila atakayeifungua atalisoma, hata ukiwa umeshakufa. Jina langu lilikuwa halijawahi kukaa juu ya kitu chochote ambacho watu wanakitumia. Mara hii nililitaka, na sioni aibu kusema hivyo.

Jumamosi iliyofuata tulikutana kama kawaida ghorofa ya juu ya maktaba, hapa Tampere, watu kumi na wawili na sinia la maandazi ya iliki. Pentti, mstaafu wa reli, ndiye anayepokea marekebisho ya programu ile. Akawasha projekta.

"Leo tuna kitu kizuri," alisema.

Ukutani ikatokea kazi yangu, mstari kwa mstari, hadi vile vijimaneno nilivyojiandikia mwenyewe nisisahau. Juu yake: Jarmo Ylitalo.

"Kumbe huyu wa kumaliza kahawa yetu ni fundi!" mtu akapiga kelele, wote wakacheka. Jarmo akacheka nao, mdomo umejaa andazi. Upande wangu hakutazama.

Nilitaka kusema, lakini ningesema nini? Kazi sikuwa nimemwonyesha mtu mwingine yeyote. Ningeonekana mwenye kijicho tu.

"Ila hebu nieleze, bwana," Pentti alisema akiweka miwani sawa. "Kwa nini hamsini na saba? Skrini yangu inashuka mpaka arobaini na nane bila shida. Na yako hiyo mpya ni vilevile. Hii namba umeitoa wapi?"

"Nimepima, mzee."

"Kwa skrini ipi?"

Hapo ndipo aliponitazama. Mazoea, nadhani, kila akikwama kwenye gemu, mimi ndiye niliyekuwa namwokoa. Nikachukua andazi.

"Ile ya zamani," alijibu haraka. "Tangu naitumia mimi, ikishuka chini ya hamsini na saba inapepesa. Ndiyo maana nikaitoa."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jibu zuri.

"Ukampa nani, Jarmo?" nikauliza.

"Tuire, tutaongea nje."

"Tuongee hapa hapa. Ukampa nani?"

"Wewe."

"Na nilipokupigia kwamba inapepesa, uliniambiaje?"

"Kwamba ni Linux yako," alisema akitazama sinia.

Pentti alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaweka kikombe chini.

"Hii kazi ameandika nani?"

"Yeye," Jarmo alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka mara moja tu na mimi nionekane."

Pentti alilifuta jina lake na kuliandika langu, palepale ukutani, mbele ya wote. Wakanipigia makofi. Ndicho nilichokitamani miaka yote, na sikuona utamu wowote. Nilikuwa nahesabu miezi minane. Nililaumu Linux, nikalaumu waya, nikajilaumu mwenyewe kwamba sijui kitu. Yeye sikumlaumu hata siku moja.