Nyumba Iliyobebwa Mabegani

Zama za ruksa zilipofika na mali za umma zikaanza kuuzwa, shamba la kahawa la shirika kwenye miteremko ya Mlima Meru liliuzwa, na mnunuzi akataka maua badala ya kahawa. Anande, aliyekuwa msimamizi wa mapokezi ya kahawa kiwandani, akapoteza kazi na kiwanja kwa pamoja, maana nyumba yake ya mbao ilisimama juu ya ardhi ya shirika. Nyumba ni yenu, waliambiwa yeye na mumewe Sumari, ila iondoeni.

Sumari alipojaribu kung'oa ubao mmoja, ulipasuka toka juu hadi chini. Misumari ilikuwa imeshikana na mbao kwa kutu.

"Tukiibomoa tutahama na kuni, mama Irine," alisema.

Basi wakaamua ibebwe nzima, mpaka kwenye kiwanja cha ukoo ng'ambo ya barabara ya shamba, wakatangaza msaragambo ili majirani waje kusaidia.

Huku akifunga vyombo kwenye khanga, Anande alikuwa akishuka mjini kusailiwa. Mara mbili alikwenda, mara mbili akarudi mikono mitupu. Alipoulizwa ana uwezo gani, alijibu, "Hilo waulizeni walionifahamu." Kwao mlimani mtu anayejisifu mwenyewe huonewa huruma. Kizuri chajiuza, ndivyo alivyozoea kusema mama mkwe wake, Hanna. Ni kweli, lakini nani amewahi kununua kizuri kilichojificha uvunguni?

Usaili wa tatu, wa kusimamia wachuma maua palepale shambani, uliangukia siku ileile ya kuhamisha nyumba, mchana, katika ofisi moja ya Kaloleni, mjini. Akiukosa huo, ingembidi amfuate dada yake Dar es Salaam kutafuta riziki, na nyumba ikae huku bila yeye. Wazo hilo lilimnyima hata hamu ya chai.

Asubuhi hiyo mabati yalikuwa yameezuliwa, na miti mirefu ya mkaratusi imepitishwa chini ya sakafu. Watu wakajaa. Lakini bega moja lilipungua kona ya nyuma, Sumari akaingia mwenyewe, na uongozi ukabaki bila mtu. Anande akajifunga kitambaa kichwani, akasimama mbele na sauti yake ya kiwandani.

"Warefu njooni mbele, tunateremka. Brayson, subiri wenzako. Haya, vuteni pumzi. Inueni."

Ikainuka. Nyumba aliyomlelea mwanawe Irine, aliyoipiga deki miaka yote ile, ikaachana na ardhi, na mwanga ukapita chini yake. Anande alishikwa na woga, ule woga wa kanisani ambao haumfukuzi mtu bali humsimamisha. Pazia lililosahaulika likapepea dirishani. Nyuma yake mlima ulikuwa umefunguka mzima, bila wingu hata moja, akawa hajui atazame kipi, mlima uliosimama au nyumba inayotembea. Wazee walivua kofia. Hanna alisema polepole, "Sikujua kama tuna watu wengi hivi." Anande alitaka kulia, lakini kazi ilikuwa mikononi, akarudi kinyumenyume akiwaita hatua kwa hatua.

Kwenye barabara ya shamba gari lilikuwa limezuiwa. Mwanaume mwenye tai alishuka, akaduwaa, kisha akatupa koti kitini na kuingia chini ya mti mmojawapo wa kubebea bila kuulizwa, akifuata sauti ya Anande kama wengine. Nyumba ikakaa juu ya mawe yake mapya, na hata kioo hakikuvunjika.

Mchana, ameoga na kuvaa gauni la Jumapili, Anande aliingia ofisini Kaloleni akamkuta yule mwenye tai nyuma ya meza, shati lina tope begani. Aliitwa Sylvanus. Yeye hakumtambua Anande.

"Nisamehe hili shati, dada," alisema. "Leo nimebeba nyumba ya mtu, na wala sijui ni ya nani. Toka nizaliwe sijaona jambo kama lile." Akalipapasa bega lake, kama mtu aliye bado barabarani. "Haya, tueleze. Una uwezo gani wa kuongoza watu?"

Jibu lile la siku zote lilimfika Anande ulimini. Akamtazama aliyekuwa mbele yake, aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Ile nyumba ni yangu," alisema. "Nilikuambia ushushe bega la kushoto, nawe ukalishusha."