Sifuri ya Mbele

Programu yangu ya kuchapa lebo za dawa ilikuwa na miaka mitatu, na bado iliitwa toleo 0.47. Sifuri ile ya mbele niliipenda mno. Kwetu sisi waandishi wa programu, maana yake ni kwamba kazi inaendelea, lolote linaweza kubadilika, usije ukanilaumu. Ukishaandika moja, umeahidi. Na mimi na ahadi, mwulizeni mchumba wangu.

Mtumiaji wangu pekee ni dada yangu, mfamasia mwenye duka lake dogo na mdomo usio na breki. Jumatatu asubuhi alinipigia simu. "Njoo. Sasa hivi."

Nilimkuta nyuma ya kaunta. Akanisukumia chupa ya vidonge. "Soma."

"Vidonge sita, mara tatu kwa siku."

"Mzee wa watu kanirudishia kabla hajameza hata kimoja. Kaniuliza, binti, hii ni dawa au chakula?"

Nilitaka kucheka. Kisha nikahesabu: vidonge kumi na vinane kwa siku. Miaka yote dada aliandika jumla ya vidonge vya siku nzima, sita, na programu ikaigawanya yenyewe kwa mara tatu. Katika 0.47, toleo jipya kabisa, niliamua namba iwe ya kila mara mtu anapomeza. Ilinipendeza hivyo. Nililieleza badiliko hilo kwenye maelezo ya toleo, mstari wa kumi na moja.

"Dada, si nilikwambia bado ni sifuri..."

"Sifuri kwako! Mimi nawapa watu dawa kwa kitu hiki kila siku ya Mungu. Je, yule mzee angekuwa haoni vizuri?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikavuta kigoda, nikairudisha hesabu ya zamani, tukaijaribu kwa dawa ishirini. Halafu mahali pa 0.47 nikaandika 1.0.0, jasho likinitoka utadhani nasaini hati ya ndoa.

"Na ukitaka kubadilisha tena?" akauliza.

"Itakuwa toleo la mbili. Na nitakuja kukwambia mwenyewe kabla."

Akabandika lebo mpya: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Akanikabidhi chupa. "Mpelekee mwenyewe, miguu unayo."

Mzee alinifungulia mlango, akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi, baba."

"Niimeze sasa?"

Mdomo wangu ulishazoea kusema "bado". Nikasema, "Imeze, baba," nikakaa naye mpaka akameza.