Palipoungwa

Gari lilitoka tumboni mwa meli bila kutoa sauti. Wachukuzi wa bandari ya Mkoani walikuwa wamejipanga pembeni tangu saa tatu asubuhi wakisubiri ngurumo waliyohadithiwa, na sasa walibaki midomo wazi huku chombo kile cheusi, ambacho paa lake lilimfika mtu kiunoni, kikiteremka polepole kama moshi wa udi unavyotambaa sakafuni. Mchukuzi mmoja wa makamo aliinama na kuchungulia kwa nyuma, aone ni nani wanaolisukuma. Hakukuwa na mtu.

"Limezimika?" aliuliza.

"Linakwenda kwa umeme, kaka," Nyange alijibu kutoka ndani. "Injini bado imelala."

"Imelala, na huku linakwenda?"

"Ndiyo."

"Subhanallah," alisema yule mtu, akarudi hatua mbili nyuma kama aliyekosa adabu kwa kusogea karibu mno.

Nyange Khatib alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ujana wake aliumaliza Sharja, miaka tisa ya kutengeneza mafriji ya watu, kisha akarudi Pemba na sanduku la zana na kujenga chumba cha barafu cha wanunuzi wa pweza. Chumba kimoja kikazaa cha pili, cha pili kikazaa cha tatu. Lakini katika miaka ile ya Sharja, mchana mmoja wa jua kali, alipita akiwa na kompresa begani mbele ya duka la magari lenye kioo kirefu, akaona ndani yake gari la namna hii. Alisimama mpaka mlinzi akaja kumfukuza. Kilichomsimamisha hakikuwa tamaa. Yeye alikuwa fundi, alijua mikono ya binadamu inaweza nini na haiwezi nini, na kile alichokiona kilikuwa kimevuka mpaka huo. Miaka yote aliyoishi baadaye hakusahau.

Basi alipojaaliwa, alikwenda Sharja akanunua la namna hiyo. Lilikuwa limeshatumiwa miaka minane, lakini mfanyabiashara wa huko alimhakikishia kwa mdomo na kwa maandishi kwamba halijaguswa: halijagongwa, halijafunguliwa, halijapakwa hata tone la rangi. Nyange alilipenda neno hilo. Alilisema kwa wakala wa meli, alilisema kwa mkewe Khairiya, na pale bandarini alilisema mara nne kabla hajatoka getini. "Halijaguswa."

Alipolipita soko la Mtambile, barabara ikaanza kupanda. Nyange alikanyaga kidogo tu, na injini iliyolala nyuma ya kisogo chake ikaamka. Haikuamka kwa pupa. Ilianza kama mtu anayejisafisha koo kabla ya kuadhini, kisha ikafungua kifua, na sauti ile ikamwingia mgongoni, ikapita mbavuni, ikatokea kwenye vidole vilivyoshika usukani. Kilima alichozoea kukipanda kwa gia ya pili kililala chini kama mkeka. Aliondoa mguu haraka. Moyo ulimdunda, na mara akajikuta akisema "Astaghfirullah" bila ya kujua ni kosa gani alilotenda.

Nyumbani kwake ni Pujini, mwisho wa kipande cha lami, katika kiwanja cha nyumba aliyolelewa. Khairiya alilizunguka gari mara mbili, akauliza abiria wengine watakaa wapi, akaambiwa viti ni viwili tu, akacheka mpaka akajishika ukuta. Umeme ulipokatika jioni ile na gari likakoma kuchaji, alitoka mlangoni akasema, "Mwenzangu, na mgeni wako naye leo analala giza kama sisi." Nyange alicheka pia. Hakuna kilichoweza kumuudhi wiki hiyo.

Aliyekuwa hajasema neno ni Bi Mwatima. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Nyange, aliyemchukua akiwa na miaka minne, akamlea na kumsomesha kwa fedha ya mikeka. Nyange hakumjua mama mwingine. Miaka sabini na mitano ilikuwa imemwinamisha mgongo, na vitu vya mbali alivibahatisha tu, lakini kitu kikiwa karibu na uso wake hakuna uzi uliompotea. Vidole vyake havikujua kukaa bure; hata akizungumza na wageni ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa ukirefuka mapajani pake.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alitoka uani na ukili wake kwapani, akaja kulisomea gari dua kama alivyoombwa. Aliweka kiganja ubavuni mwa gari, akaanza kusoma. Katikati ya dua sauti ikapungua. Alimaliza kwa heshima, akapangusa uso, kisha akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hichi n'nini, Nyange?"

"Ubavu wa gari, mama. Hapo hawakupaka rangi, wamepaacha makusudi ili nyuzi zionekane. Ni nyuzi za kaboni. Nyepesi kuliko bati, ngumu kuliko chuma."

"Basi limesukwa hili."

"Limetengenezwa kiwandani, mama."

"Mie nakwambia limesukwa. Mbili juu, mbili chini, na kila safu inasogea moja. Huu ni msuko. Nani kasuka?"

Nyange naye aliinama kutazama. Alijua nguvu ya mota, alijua uzito wa betri, alijua ni sekunde ngapi gari lile lahitaji kufika kasi ya kutisha. Nani kasuka, hilo hakuwahi kujiuliza.

Bi Mwatima aliagiza kigoda chake. Akakaa, akaanza kuufuata msuko kwa kidole cha shahada, kutoka gurudumu la mbele kwenda nyuma, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu. Kila alipofika mwisho wa mkono wake alisogeza kigoda. "Mashallah," alisema upande mmoja. "Hakukosea hata pahala pamoja. Mashallah." Nyange alimfuata nyuma akiwa amejaa furaha, maana sasa hata mama yake alikuwa ameona. Wakazunguka nyuma, wakaja ubavu wa kushoto. Pale chini ya mlango kidole kikasimama. Kikarudi. Kikaenda tena, kikasimama palepale.

"Hapa pana mkono mwengine," alisema.

"Vipi, mama?"

"Aliyesuka huku na aliyesuka huku si mmoja. Huyu wa pili n'hodari, lakini kaingia nusu chane ya ukindu nyuma. Msuko umeinama. Hapa pameungwa."

Nyange alicheka, akamweleza kwamba gari halijaguswa, kwamba anayo karatasi. Bi Mwatima hakubishana. Aliendelea kuweka kidole pale alipokiweka. Basi Nyange akapiga magoti, akawasha taa ya simu, akaulaza mwanga wake ubavuni. Mwanzo hakuona kitu. Halafu akaona: mstari wa mshazari uliokuja moja kwa moja kutoka mbele, ukafika chini ya mlango, ukashuka kwa upana usiozidi punje ya mchele, kisha ukaendelea na safari yake kama kwamba hapakutokea jambo. Upande wa nyuma wa mlango palikuwa na mwingine ulioshuka vivyo hivyo. Kati ya mistari ile miwili, urefu wa mkono wa mtu mzima, ubavu wote ulikuwa mgeni.

Nyange aliinuka kwa ghafla. Alimpigia mfanyabiashara palepale, amesimama juani. Mtu yule alikana, kisha akakohoa, kisha akasema yeye naye aliuziwa hivyohivyo, na mwisho, alipoona hasira haipoi, akasema atalichukua gari na kurejesha fedha zote, mradi lipakiwe kwenye meli ya mwisho wa mwezi na jambo lisifike kwa watu. Nyange alikata simu bila kukubali wala kukataa.

"Wamenidanganya, mama. Wameniuzia kitu kilichovunjika."

Bi Mwatima alikuwa bado amekaa kigodani.

"Na aliyekuwemo ndani?" aliuliza.

Swali lile lilimpata Nyange kama kofi lisilo na hasira. Alikuwa amefikiria karatasi, amefikiria watu wa bandarini, amefikiria neno lake lililokwisha kuwa uongo, mtu hakumfikiria. Na mlango ule ulikuwa wa upande wa dereva, kwa kuwa usukani wa gari lile ni wa kushoto.

Ilimchukua siku mbili kumpata aliyejua. Mfanyabiashara alimtajia karakana, karakana ikamtajia fundi, na fundi, Yaqub, mtu wa Peshawari aliyezeekea Sharja, akajibu simu ya picha akiwa na kilemba cheupe na glavu nyeusi. Nyange alimwamkia kwa Kiarabu cha miaka ile, akamweleza habari za gari na pale palipoungwa. Fundi alilikumbuka mara moja.

"Nani aliyekwambia?" aliuliza. "Wakaguzi watatu wamelipitisha lile."

"Mama yangu."

"Ana mashine gani?"

"Ana kidole."

Fundi Yaqub akavua glavu. "Nipe niseme naye," alisema.

Nyange alikwenda akakaa chini ukumbini ubavuni mwa Bi Mwatima, simu mbele yao, na kwa muda wa nusu saa hakuwa tajiri wala mwenye gari, alikuwa mfasiri. Fundi alisimulia kwamba dereva alikuwa binti wa mwenye gari, miaka ishirini, na lori lilimjia kwa ubavu kwenye makutano ya njia. Ubavu ulikatika vipandevipande. Lakini kile kidau cha ndani anamokaa mtu, nacho cha nyuzi zizo hizo, kilisimama. "Alishuka kwa miguu yake," alisema fundi. "Kiatu kimoja tu kilibaki ndani, nikampelekea." Alikipima kile kidau kwa siku nne, akakikuta hakikusogea hata kwa unywele. Kisha akaujenga upya ubavu, siku kumi na moja, peke yake.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwatima, na alisema kwa pumzi ndefu, kama aliyekuwa akimngoja binti yule mlangoni kwake siku zote hizo mbili. Kisha akaitazama simu kwa karibu. "Mwambie ana mkono mzuri. Lakini mwulize kwa nini kaungia mwanzo wa safu."

Nyange alifasiri. Fundi alieleza kwamba kitambaa cha nyuzi zile hukatwa, kikapandishwa juu ya kile cha zamani kwa ngazi ndogondogo, na gundi ikimwagwa huvutika kidogo. Mtu hawezi kukizuia.

"Ataweza," alisema Bi Mwatima. Akautwaa ukili wake, akauinua mbele ya simu. "Chane ikikaribia kwisha mie siingoji iishe. Naingiza mpya safu tatu kabla, mshazari, zikaenda mbili pamoja, moja juu ya mwenziwe. Ikivutika, zavutika zote. Mwambie atazame."

Akasuka polepole. Fundi Yaqub alikuwa ameusogeza uso mpaka kioo kizima kikawa jicho moja. Alimwomba arudie. Alirudia. Aliomba mara ya tatu, na mara hiyo Nyange hakuhitaji kufasiri chochote. Vidole vya huku viliongea, na vya kule, juu ya kipande cha kitambaa cheusi, vilijibu. Walipomaliza, fundi aliweka mkono kifuani, akainamisha kilemba chake. Bi Mwatima naye akajisitiri kwa mtandio vizuri, kama aliyeona haya.

Nyange aliwatazama wawili wale, na kile kitu kilichomsimamisha ujanani mbele ya kioo kikamjia tena, safari hii kikubwa zaidi, hata akashindwa kukaa. Alitoka nje akasimama karibu na gari bila kuligusa.

"Nipakie," ilisema sauti nyuma yake. Bi Mwatima alikuwa ameshavaa baibui.

Kumwingiza ilikuwa kazi. Kiti kilikuwa chini mno, na ilibidi Khairiya amshike kiuno huku wote watatu wakicheka. Waliondoka kwa umeme, kimya, kuku wakiwapisha dakika ya mwisho kwa kuwa hawakusikia kitu. Walipofika barabara kubwa ya Chake, Nyange alikwenda kwa mwendo wa maiti, akiogopea mgongo wa mama yake, mpaka akasikia:

"Ndiyo mwendo wake huu?"

"Si huu, mama."

"Basi?"

Mbele yao barabara ilikuwa tupu na imenyooka. Nyange akakanyaga. Injini ikapaza sauti, mikarafuu ya pande zote mbili ikayeyuka ikawa ukuta mmoja wa kijani, na kitu kisichoonekana kikawashika vifua na kuwalaza vitini. Ilikuwa muda wa mtu kusema Bismillahi mara tatu. Alipopunguza aligeuka kwa hofu. Bi Mwatima alikuwa amekaza macho mbele, mashavu yameloa, anacheka bila ya sauti kama msichana aliyesukumwa kwenye bembea.

"Na yule mtoto alikuwa peke yake," alisema baada ya muda.

"Peke yake, mama."

"Siku moja mwulize jina lake."

Siku zikapita. Nyange alirudi kwenye vyumba vyake vya barafu, na watu walipomzunguka kumuuliza habari za gari aliwaeleza yote, lori na binti na kiatu, na aliona kwamba walisikiliza zaidi kuliko alipokuwa akiwatajia kasi. Asubuhi moja simu ilimlia akiwa uani na mama yake. Fundi Yaqub alikuwa ametuma picha: ubavu mwingine wa gari jingine, mweusi, unang'ara. Chini yake aliandika maneno machache. Nimeunga kwa njia ya mama. Mwambie atafute.

Nyange alipotaka kujibu aliona tarehe juu ya kioo, akakumbuka kwamba meli ya mwisho wa mwezi ilikuwa imeondoka juzi. Hakumwambia mtu. Alimkabidhi Bi Mwatima simu.

Bi Mwatima aliileta karibu na pua. Akaweka kidole kwenye picha, nayo ikatanuka ghafla kwa kuguswa, akashituka, kisha akazoea. Akaanza kutoka kushoto, mbili juu, mbili chini, midomo ikimchezacheza. Akafika mwisho wa picha. Akarudi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta, chai imepoa, na Khairiya alikuja mara mbili kuwaita wasimwitike.

"Kapaungia wapi?" alinong'ona Bi Mwatima, akaanza tena.