Mashua Iliyomrudisha Bibi Harusi

Mama Nhai alikuwa amekwisha kulia, amekwisha kunawa uso, na sasa alikuwa akikusanya vikombe vya chai vya wageni, aliposikia mashine ya mashua ya harusi ikikohoa. Alisimama na kikombe mkononi. Ikakohoa tena, ikahema kama mgonjwa, ikanyamaza. Mfereji mzima ukawa kimya, kimya kile cha maji yaliyosimama, wakati mto haujaamua kupanda wala kushuka.

Hakutoka mbio. Bibi harusi akichukuliwa, mama hasindikizi. Baba huenda, mashangazi huenda, hata majirani wasio na shughuli huenda. Mama hubaki na vyombo. Mama yake alibaki hivyo hivyo, na yeye tangu mwaka mpya alijiapia kwamba atabaki bila maneno. Kilichomkereketa ni kimoja tu: nyumba anakokwenda mwanawe hakuwahi kuiona. Mumewe, Thoi, alikwenda kuitazama wakati wa posa, akarudi na maneno mawili, "Nyumba nzuri," akalala. Tangu hapo Mama Nhai alikuwa akiijenga kichwani kila jioni, na kila jioni ilikuwa na mlango tofauti.

Alipofika gatini, maji yalikuwa yameanza kujaa. Yaliichukua mashua polepole, yakairudisha kinyumenyume kati ya kuta mbili za minazi ya maji, na vitambaa vyake vyekundu, na wageni waliokaa kimya kama picha. Ukungu ulikuwa bado juu ya mfereji. Nhai alikuwa ameketi mbele chini ya mwavuli, mgongo wake ukielekea nyumbani, kwa maana aliambiwa bibi harusi haangalii nyuma. Basi akarudishwa kwao akiwa ametazama mbele, hageuki, mpaka mashua ikagusa ngazi za mama yake.

Mashangazi walianza kunong'ona kuhusu mkosi. Nahodha alikuwa Sang, baba mdogo wa bwana harusi, mtu mnene aliyevuta kamba ya mashine mpaka shati likamganda. Thoi alimtazama mkewe, akakohoa, akasema afadhali Mama Nhai aitazame. Mfereji mzima ulijua kwamba mwanamke huyu aliuza mananasi kwenye soko la mashua mtoni miaka nenda miaka rudi, na mashine ya mashua yake hakuiacha ishikwe na mtu mwingine.

Alifunga pindo za gauni lake la hariri kiunoni, akaingia.

"Mkwe, nimeibembeleza wee," Sang alisema. "Inanitemea petroli tu."

"Hukuibembeleza, mkwe. Umeinywesha."

Kabureta ilikuwa ikivuja kila upande. Alifunga koki ya petroli, akaifungua kabureta, akaviweka vipande vyake kimoja kimoja juu ya sinia lililokuja na tambuu za posa. Bakuli la kabureta lilikuwa na tope jekundu la kutu. Gasketi, ile karatasi ya kuzibia kiungo, ilikuwa imechanika. Tundu la jeti, lile dogo linalopitisha petroli, lilikuwa limezibwa kabisa. Alilichukua boya la shaba, akalitikisa karibu na sikio, akasikia petroli ikicheza ndani. Boya lililotoboka haliwezi kuelea, na lisipoelea petroli haizuiliki.

Aliomba maji ya moto. Yakaletwa kwenye karai, naye akalizamisha boya humo. Mlolongo wa viputo ukapanda kutoka kwenye kitundu kidogo kama ncha ya sindano, taratibu, kama vya samaki anayeota ndoto. Wageni waliinama kutazama. Mama Nhai akasubiri mpaka petroli yote ilipokwisha kutoka. Mmoja wa upande wa bwana harusi akataka kutoa mshumaa wa harusi wazibie nta. Mama Nhai akamwambia nta huliwa na petroli, sabuni hailiwi. Akasugua mche wa sabuni juu ya kitundu mpaka kikafunikwa. Gasketi akaikata kwenye boksi la chai kwa kisu cha kukatia popoo. Kutu ya bakuli akaifuta kwa kitambaa, akaifuta tena.

Ikabaki jeti. Waya hakutaka, kwa sababu waya hupanua tundu.

"Nipe unywele mmoja," alimwambia binti yake, akiwa amesogea na jeti mpaka nyuma ya mwavuli.

Nhai hakugeuka. Alipeleka mkono chini ya kilemba cha harusi, akang'oa unywele, akampa kwa nyuma. Vidole vyao vikagusana, vya mmoja na manukato, vya mwingine na grisi. Mama akaupitisha unywele tunduni, ukatoka na tope. Akaupitisha tena, ukatoka safi. Akainua jeti machoni, akaona kipande cha mbingu kidogo kuliko chembe ya mchele. Akaendelea kukitazama.

"Mama," Nhai alisema kwa sauti ya chini. "Umemaliza?"

"Bado."

"Mimi nakujua. Kazi hii ungekuwa umeshaimaliza."

"Nyamaza, tazama mbele."

Mabega ya binti yakatikisika, na mama hakujua kama ni kicheko. Akarudi kwenye mashine, akafunga skrubu zote, akafungua koki, akavuta kamba mara moja. Mashine ikanguruma kwa utulivu, na ukungu ukatetemeka juu ya maji.

Akasema sabuni itashika, ila mtu aisikilize mashine njia nzima, maana huko mto mkubwa boya likizama tena watachukuliwa na mkondo. Aliyasema hayo akiangalia mikono yake. Sang alimtazama kitambo.

"Masikio yangu mimi yameliwa na mashine hii hii," alisema. "Nani atasikiliza?"

Shangazi mkubwa akamkumbusha kwamba mama wa bibi harusi haendi.

"Mama haendi," Sang alikubali. "Fundi je? Kuna desturi ya fundi?"

Shangazi mkubwa akasogea kumpisha. Mama Nhai alikaa nyuma kabisa, karibu na mashine, na wakaondoka. Kwenye mto mkubwa jua lilipasua ukungu, kingo zikapotea, na kwa muda walikuwa hawapo popote, ila rangi nyekundu juu ya maji meupe na sauti ile aliyokuwa akiisikiliza. Hakuwaza kitu. Alitamani mto uwe mpana zaidi.

Walipofika, wote walipanda ngazi isipokuwa yeye. Alibaki mashuani kama fundi anavyobaki. Aliiona nyumba: paa la makuti, mitungi ya maji kando ya mlango, mpilipili, kitanda cha bembea. Mlango ulikuwa wa bluu. Hakuwahi kuuwaza wa bluu.

Baadaye kidogo mwanamke mwembamba alishuka na bakuli la tambi za moto, akampa, akaketi ngazi ya chini bila kujali nguo yake. Alikuwa mama wa bwana harusi.

"Kula, mkwe," alisema. "Huyu mtoto, niambie, anapenda nini?"

Mama Nhai aliweka vijiti chini. Alimwambia kwamba Nhai hali samaki wa mtoni akiwa na homa, kwamba anaogopa radi lakini hakubali, na asubuhi asisemeshwe kabla hajanawa. Yule mwanamke alisikiliza kila neno, akauliza kuhusu radi mara ya pili.