Jina Lililotajwa Mpanda

Wajerumani walishaondoka zamani, waliowafuata nao wakafungasha virago, lakini karatasi zao bado zinatutawala. Usinibishie. Muulize Pudensiana.

Yeye ni kitukuu wa mtemi mmoja wa huku Mpimbwe, aliyenyongwa kwa kuwanyima Wajerumani wapagazi. Baada ya kumnyonga, karani wao alitaka kuandika jina la marehemu na la mrithi wake. Kwa mila ya ukoo ule, jina la kuzaliwa la mtemi halitajwi mbele ya mtu wa nje. Hutajwa kaburini tu, na wenye damu. Basi wazee wakanyamaza, wakidhani wanalinda heshima, masikini. Aliyefungua mdomo ni tarishi wa mtemi. Akasema kiti ni chake, akaandikwa, akavishwa kofia.

Mwaka huu ikaja barua: makumbusho moja ya Ulaya yanarudisha kigoda cha yule aliyenyongwa. Wahusika wakaitwa Mpanda. Pudensiana aliuacha mpunga wake uliwe na ndege, akapanda basi la alfajiri la kupitia Sitalike. Ofisini alimkuta Hezron, diwani mstaafu, kitukuu wa tarishi, amekumbatia picha ya babu yake aliyevaa kofia ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Pudensiana alimjibu Hezron bila kumtazama.

Lucia, binti wa ofisi ya utamaduni, alikuwa mpole. "Mama, mwenzio ana picha, na babu yake yumo kwenye orodha ya Wajerumani. Wewe una nini?"

"Nina jina la mtemi mwenyewe. Huyu hajawahi hata kulisikia."

"Basi litaje, mama yangu, niandike."

Mama yake Pudensiana alimwambia jina lile mara moja tu, wakiwa wamepiga magoti kaburini, akamkanya vikali. Lakini wazee walionyamaza walipata nini? Walikaa kimya, mtumishi wao akakalia kiti, na uzao wake ukakikalia miaka yote. Safari hii hatunyamazi, akajisemea. Akalitaja taratibu, waziwazi, mbele ya watu kumi asiowajua.

Lucia akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia tena.

"Halimo, mama. Samahani sana."

Kigoda kilikabidhiwa wiki mbili baadaye, uwanjani, kwa ngoma na maturubai. Pudensiana alikwenda. Angekaaje nyumbani? Alisimama nyuma kabisa, juani, na kilichomleta hakikuwa wivu, ilikuwa damu.

Hezron akakalia kigoda, akapewa maiki, akaanza kuwataja mababu zake mmoja mmoja. Alianza na jina lile. Alilitamka vizuri mno, taratibu, waziwazi, vilevile alivyolisikia kwa Pudensiana. Umati ukapiga makofi, naye akalirudia.