Profesa wa Mara Mbili

Profesa alikuwa mtu wa kusema polepole, na jambo hilo alilionea fahari. Alifundisha sheria ya mikataba, na kila neno alilitoa kinywani kwa uangalifu, kama mtu anayeshusha mayai kutoka kapuni. Alisema, "Mkataba..." halafu akatembea hadi dirishani, akatazama nje, akarudi, ndipo akamalizia, "...ni makubaliano." Wanafunzi wa zamani walimwita Mzee Taratibu, naye alijifanya hajui.

Chuo kilipoamua kwamba mihadhara yote irekodiwe, aliletewa fundi wa kompyuta, kijana mchangamfu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Fundi alimkalisha mbele ya kamera, akambandika kipaza sauti kifuani, kisha akamfungulia ukurasa mrefu wenye herufi ndogo kama sisimizi.

"Hapo chini, Profesa. Bonyeza 'Nakubali'."

"Yanasema nini haya?"

"Ah, mambo ya kawaida tu hayo. Hakuna anayeyasoma."

Profesa akabonyeza.

Muhula mzima akafundisha kamera. Mwanzoni aliona haya kuongea na kidude kisicho na macho, lakini baadaye wakaelewana. Kamera haikupiga miayo, haikuchelewa kuingia, wala haikuomba ruhusa ya kwenda msalani. Muhula ulipokwisha alikuwa ameanza hata kuitania.

Muhula uliofuata ukaja na tangazo: video zitaendelea, lakini kila wiki walimu na wanafunzi wakutane ukumbini kwa majadiliano. Siku ya kwanza Profesa alivaa suti yake ya kijivu. Mkewe, muuguzi mstaafu, akamnyooshea tai.

"Leo unakwenda kuposa?"

"Nakwenda kuonana na wanafunzi wangu, Mama. Wananijua kwa video tu."

Akiwa kwenye korido kuelekea ukumbini, aliwasikia vijana wawili mbele yake.

"Leo tunamwona Cherehani ana kwa ana!"

"Yule mzee namkubali. Anashona maneno, hata pumzi havuti."

Profesa akajiuliza huyo Cherehani ni mwalimu gani. Kijiwivu kikamchoma. Yeye hakuna aliyewahi kumsifu koridoni.

Akaingia, akasimama mbele, akakohoa. "Habari... za... asubuhi." Wakaitikia huku wakitazamana. "Leo tuanze na msingi wenyewe. Mkataba..."

Akatembea hadi dirishani, akatazama nje. Nyuma yake minong'ono ikaanza. Alipogeuka, alimkuta kijana mmoja mrefu amesimama mbele yake na chupa ya maji, uso umemjaa wasiwasi.

"Profesa, kaa kwanza. Pole sana. Tukuitie gari la wagonjwa?"

"La nini?"

"Maneno hayatoki, Profesa."

Msichana mmoja mwenye miwani mikubwa akanyoosha mkono. Wenzake walimwita Wakili, maana aliweza kubishana hata na ukuta, na ukuta ukaomba radhi.

"Samahani, Profesa. Sisi tumezoea kukusikiliza mara mbili."

Uso wa Profesa ukang'aa. "Mara mbili! Yaani mnarudia?"

"Hapana. Kwa kasi ya mara mbili. Kuna kitufe."

Akamsogezea simu. Profesa akajiona mwenyewe: kijimzee kinakimbilia dirishani na kurudi kama kuku anayefukuzwa, maneno yanamtoka mfululizo. Ndipo akamjua Cherehani ni nani.

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa naye akacheka kidogo, kwa adabu, lakini moyoni alinywea. Akaamua kuwaonyesha kwamba na yeye anaweza. Akavuta pumzi, akaanza kukimbiza maneno: ofa, kukubali, malipo, nia. Hakufika mbali. Ulimi ukajikwaa, "ofa na kukubali" ikageuka "kofa na ukubali", pumzi ikakata, na yale maji ambayo hakuyagusa akayaomba mwenyewe. Akayanywa yote, akakaa pembeni mwa meza.

"Haya," akasema. "Niulizeni nyinyi."

Wakili hakungoja. "Mtu akibonyeza 'Nakubali' kwenye simu bila kusoma masharti, amefungwa nayo?"

Profesa akafikiri. Akafikiri sana. Kwenye viti vya nyuma mtu akanong'ona, "Amekwama." Mwingine akajibu, "Ni mtandao tu."

"Nani hapa," Profesa akasema hatimaye, "amewahi kuyasoma masharti hayo?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Hata mimi sijawahi. Ya chuo hiki niliyakubali nikiwa nimefumba macho."

Wakili alikuwa tayari ameinamia simu yake. "Yako hapa chini ya video zako, Profesa. Niyasome?" Akasoma kwa sauti: mhadhiri anakipa chuo ruhusa ya kutumia sauti na sura yake wakati wote, hata baada ya kuacha kazi au kufariki.

"Hata nikifa?"

"Hata ukifa, Profesa."

Profesa akaenda tena dirishani, na safari hii hakuna aliyesingizia mtandao. Kisha akarudi na kuugawa ukumbi: upande wa kulia wamtetee yeye, upande wa kushoto wakitetee chuo. Wakili akahamia upande wa chuo bila hata kupepesa jicho. Yule kijana wa maji akajitolea kumtetea Profesa, lakini alikuwa na huruma nyingi kuliko sheria.

"Jamani, mtazameni mzee wa watu!"

"Huruma si hoja, mwanangu," Profesa akamkatiza. "Nitetee vizuri."

Wakili akasimama. "Je, alilazimishwa? Hapana. Hajui mikataba? Ndiyo kazi yake! Alikuwa na haraka, hakupata muda wa kusoma?" Akavua miwani. "Profesa huyu?"

Watu walicheka hadi wengine wakalalia meza. Kura zilipopigwa, Profesa alishindwa vibaya, tena kwa hoja alizozifundisha mwenyewe. Aliumia kama mtu aliyeporwa barabarani, na papo hapo akatamani kumkumbatia mwizi.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Mama akasikiliza, akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo hata ukitangulia, nitaendelea kukusikia?"

"Milele."

"Na hicho kitufe cha kukuharakisha kiko wapi?"

Wiki iliyofuata ukumbi ulijaa hadi wengine wakaegemea kuta. Hawakumficha: nyumbani bado walimkimbiza mara mbili. Lakini maswali walikuja nayo ukumbini, nao walikuwa wameanza kuizoea safari ya dirishani.

Rekodi za muhula mpya zilipokaribia, fundi alirudi na ukurasa uleule. Akamkuta Profesa amevaa miwani ya kusomea, na Wakili ameketi kando yake, kalamu mkononi.

"Bonyeza tu, Profesa, kama siku ile."

"Nasoma kwanza," akasema Profesa. Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, na penye mkato akaenda dirishani. Wakati wa chakula cha mchana walikuwa bado kwenye sharti la pili, na Wakili alikuwa amekataa nusu yake. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikuwa kimya kabisa.