Pweza Mezani kwa Bi Lilavati

Mzee Zahran hakuikataa posa ya Mbarouk kwa binti yake Thuraiya, wala hakuikubali. Alisema tu, "Kwanza nile naye." Na kwa kuwa hakutaka kijana avuke kizingiti chake kabla ya jibu, walikutana Wete mjini, katika hoteli ndogo ambayo Bi Lilavati, mjane wa Kibaniani, aliifungua mwaka ule wa 1937. Wote wawili walikuwa hawajawahi kuingia humo.

Chakula kikaja: wali, mchuzi wa dengu, chapati na achari ya ndimu. Mbarouk, fundi cherehani wa Gando, alitazama sahani akatahayari. Samaki hakuna, nyama hakuna. Baba yake Thuraiya alishwe dengu? Akaomba ruhusa, akatoka mbio, akarudi na pweza wa kuchoma ndani ya jani la mgomba. Akamfungulia mzee pale mezani.

Harufu ilifika jikoni. Bi Lilavati akatoka ameshika upawa.

"Nini hicho?"

"Pweza, mama. Kitoweo cha mzee."

"Kitoweo! Humu hakiingii kitu kilichouawa, wewe unakianika juu ya meza yangu? Huna haya, na ndevu zako hizo!"

Wateja wakaacha kula. Mzee Zahran akainama kidogo.

"Utakaa ufokewe na mwanamke mbele yangu?"

Mbarouk alijiona yu mtegoni. Akijibu ataonekana mgomvi, akinyamaza ataonekana mnyonge, na kwa vyovyote Thuraiya atampotea. Akalikunja jani, akatoka, akampa pweza mchukuzi aliyekuwa akipita. Akanawa mpaka viwikoni. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Niwie radhi, mama. Najua hamli kitu kilichouawa. Sikujua kwamba hata mlango hakivuki. Meza nitaisugua mwenyewe. Ukisema niondoke, naondoka."

Bi Lilavati alimkazia macho.

"Ngoja hapo hapo. Nakuletea majivu."

Mbarouk akasugua mbele za watu, mikono ya kanzu ameipandisha. Mzee Zahran alihamia meza nyingine, akaletewa sahani mpya, akala polepole mpaka akamaliza. Akanawa, akavaa viatu, akaja kumsimamia Mbarouk.

"Thuraiya akikasirika," alisema, "huyu mama utamwona mpole."

Mbarouk alibaki na tambara mkononi.

"Mwambie mjomba wako aje Ijumaa, baada ya sala, tuzungumze mahari. Na pale pembeni umeacha mafuta."